Ushuru Umefutwa, Foleni Imebaki: Siku Tisa Katika Yugoslavia ya Zamani

Mimi ni wakala wa forodha. Kwa miaka kumi na minne kazi yangu imekuwa kutoa mizigo ya watu mipakani na bandarini, na katika miaka hiyo yote kuna swali ambalo halijaniacha: nchi zilizowahi kuwa moja, zikagombana, zikatengana, zinarudianaje kibiashara? Sisi Afrika Mashariki tulivunja Jumuiya mwaka 1977 tukaifufua baadaye, lakini ile ilikuwa jumuiya ya nchi. Yugoslavia ilikuwa nchi kamili: jamhuri sita, sarafu moja, reli moja, forodha moja. Ilianza kumeguka Juni 1991. Leo ni nchi saba ukiihesabu Kosovo. Mbili zimeingia Umoja wa Ulaya, nyingine ziko mlangoni zinasubiri. Juni 2024 nilichukua likizo, nikapata viza ya kuingia mara nyingi ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao (Bosnia, Serbia na Masedonia Kaskazini nazo huikubali), nikaenda kujionea.

Siku ya kwanza, Jumatatu. Ljubljana

Nimefika mchana. Niliingia supamaketi moja kununua maji, nikajikuta nimekaa humo nusu saa nikisoma migongo ya makopo. Ni mazoea ya kazi. Lebo ya bidhaa huniambia mambo ambayo mwanasiasa hayasemi.

Kwenye rafu moja kulikuwa na Argeta, nyama ya kuku iliyosagwa laini ya kupaka kwenye mkate. Ni bidhaa ya Slovenia, lakini ina kiwanda pia Hadžići, nje kidogo ya Sarajevo. Pembeni yake kulikuwa na Cockta, soda ya Slovenia iliyoanza kuuzwa mwaka 1953. Rafu ya chini ilikuwa na Smoki, vitafunwa vya karanga vya Belgrade. Zote tatu leo ni mali ya kampuni moja ya Zagreb, Atlantic Grupa, iliyoinunua Droga Kolinska ya Slovenia mwaka 2010. Upande wa viungo nikaiona Vegeta ya Koprivnica, Kroatia, iliyobuniwa mwaka 1959 na kikosi cha Zlata Bartl, mwanakemia aliyezaliwa Bosnia. Nchi nne kwenye rafu ya hatua tatu, na kila mama aliyepita alichukua kopo lake bila kuuliza limetoka jamhuri gani.

Rafu hiyo hiyo iliwahi kuvunjwa kabla ya risasi ya kwanza. Mwishoni mwa 1989, Slovenia ilipozuia mkutano wa hadhara wa Waserbia hapa Ljubljana, Serbia ilisusia bidhaa za Slovenia. Makampuni yalikata mikataba na wenzao wa nchi ile ile, ndani ya mpaka ule ule wa forodha. Jambo hilo limenikaa kichwani jioni nzima. Tumezoea kusema vita huua biashara. Hapa biashara ilikufa kwanza.

Siku ya pili, Jumanne. Zagreb

Basi lilipofika Obrežje halikusimama. Forodha hapa ilikoma Kroatia ilipoingia Umoja wa Ulaya mwaka 2013; kisha Kroatia ikaingia Schengen na kuanza kutumia yuro siku moja, tarehe 1 Januari 2023, na tangu hapo kituo hiki kimebaki majengo tu. Niliviona vibanda vya ukaguzi vikiwa vitupu, njia za malori zenye alama za rangi zilizofifia, na mahali ambapo bila shaka palikuwa na ofisi za mawakala kama mimi. Nilifurahi, na moyoni nikawahurumia kidogo wenzangu waliopoteza kazi forodha ilipofungwa.

Upande wa pili wa barabara, kwa wanaoingia Slovenia, magari yalikuwa yakipunguza mwendo mbele ya polisi. Slovenia ilirudisha ukaguzi wa watu Oktoba 2023. Mzigo unapita huru, mtu anaulizwa pasipoti.

Zagreb nilikwenda moja kwa moja stesheni kuulizia treni ya Belgrade. Mama wa dirishani alitikisa kichwa kabla sijamaliza swali. Treni ya abiria kati ya miji hiyo miwili ilisimamishwa mwaka 2020 wakati wa korona na haijarudi. Reli ipo, stesheni zipo, watu wapo. Hata barabara kuu inayoiunganisha miji hii ilijengwa kuanzia mwaka 1948 na vijana wa kujitolea kutoka jamhuri zote, ikafunguliwa mwaka 1950 kwa jina la Undugu na Umoja. Sasa abiria wa treni hana njia.

Jioni mwenyeji wangu, mhandisi mstaafu, alinionyesha kwenye simu picha ya daraja la Pelješac kule pwani ya kusini. Bosnia ina kipande kidogo cha bahari, mji wa Neum, na kipande hicho kiliikata Kroatia vipande viwili. Ili kwenda Dubrovnik ilibidi utoke Kroatia, uingie Bosnia, utoke, uingie tena. Tarehe 26 Julai 2022 Kroatia ikafungua daraja la kilomita 2.4 juu ya maji, Umoja wa Ulaya ukichangia yuro milioni 357, na tangu siku hiyo hakuna ulazima wa kupita Neum. Ni daraja zuri sana. Lakini madaraja ninayoyajua mimi yamejengwa kuunganisha nchi mbili, na hili limejengwa ili nchi moja isiguse nyingine. Sikuwalaumu. Aliyesubiri Neum kwa saa tatu na mtoto anayelia garini angelijenga pia.

Siku ya tatu, Jumatano. Gradiška

Hii ndiyo siku niliyoisafiria.

Basi la Banja Luka huvuka mto Sava kwenye daraja la Gradiška. Mto huu ulikuwa katikati ya nchi; leo ni ukingo wa Umoja wa Ulaya. Tulishuka upande wa Kroatia, tukagongewa mihuri, tukapanda, tukashuka tena upande wa Bosnia. Mimi nikamwambia kondakta nabaki hapa, nitapanda basi la jioni.

Foleni ya malori yanayokwenda Kroatia ilianzia darajani ikaingia mjini, ikapita mbele ya maduka na nyumba za watu. Niliyahesabu thelathini na manne, kisha kona ikanizuia. Nilitembea pembeni taratibu nikisoma maturubai kama mtu anayekagua gwaride, hadi dereva mmoja aliyekaa kwenye ngazi ya kichwa cha lori akaniita. *Komšija*, alisema, yaani jirani. Huku wanaitana hivyo hata kama hawajuani. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, mwenye Kiingereza alichookota kwenye bandari na maghala, na mimi changu cha darasani, tukaelewana. Alikuwa na jiko dogo la gesi na kibuyu cha shaba cha kuchemshia kahawa. Akanimiminia.

Nilipomwambia kazi yangu alicheka, akaingia ndani akatoa folda yake. Nimeshika mafolda ya namna ile maelfu. Kulikuwa na ankara, hati ya mzigo ya CMR, tamko la kusafirisha nje, na cheti cha asili ya bidhaa, EUR.1, chenye mhuri wa forodha ya Bosnia. Mzigo wake ni fanicha ya mbao, meza na viti, kwenda Ujerumani. Nikaweka kidole kwenye ile EUR.1 nikamuuliza ushuru ni kiasi gani. "Sifuri," akasema. Ni kweli: bidhaa ya viwandani iliyotengenezwa Bosnia haitozwi ushuru kuingia Umoja wa Ulaya. Makaratasi yake yote yalikuwa safi. Mimi ningeuachia mzigo ule kwa dakika kumi. Yeye alikuwa amekaa hapo tangu saa moja asubuhi, na ilikuwa saa nane mchana.

Kisha akatoa kitu ambacho sijawahi kukiona katika kazi yangu. Ni daftari dogo la mistari, la mtoto wa shule, lenye safu za tarehe alizoziandika kwa kalamu ya bluu. Kila safari ina siku ya kuingia na siku ya kutoka, na pembeni jumla. Mtu wa Bosnia haombi viza kwenda nchi za Schengen tangu Desemba 2010, lakini haruhusiwi kukaa zaidi ya siku 90 katika kila siku 180, na dereva wa lori anahesabiwa kama mtalii. Saa anazolala kwenye maegesho ya malori Ujerumani zinahesabiwa. Siku anayokwama kwenye theluji Slovenia inahesabiwa. Jumla ya daftari ilikuwa 71. Wenzake wenye pasipoti ya Kroatia hawana daftari, akaniambia, na matajiri wa malori wanawatafuta hao kwanza.

Baba yake alikuwa dereva pia. Mwaka 1984, akiwa na miaka kumi, walikwenda pamoja na lori kutoka Banja Luka hadi Maribor kule Slovenia. Nikamuuliza walisimama wapi. Akafikiri. "Kula. Na mimi nilitapika mara moja."

Tulisogea urefu wa malori matatu. Akazima injini.

Kuna jambo wengi hawalijui kuhusu mipaka ya namna hii. Kroatia ilipoingia Umoja wa Ulaya tarehe 1 Julai 2013, ilitoka siku hiyo hiyo kwenye CEFTA, mkataba wa biashara huru uliotiwa saini Desemba 2006 ambao ulikuwa umeiweka pamoja na Bosnia, Serbia na majirani wengine. Ushuru haukuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa maziwa. Wafugaji wa Bosnia waliokuwa wakiuza maziwa Kroatia walizuiwa, kwa sababu mifumo ya ukaguzi ya nchi yao ilikuwa haijaidhinishwa na Brussels. Ng'ombe ni yule yule, nyasi ni zile zile, mnunuzi yuko ng'ambo ya mto anaonekana kwa macho. Hata baada ya kuruhusiwa, vyakula vitokanavyo na wanyama vimekuwa vikipitishwa kwenye vituo vichache tu vyenye wakaguzi wa mifugo, na Gradiška ni kimojawapo. Ndiyo maana foleni yake ina majokofu mengi.

Halafu kuna ada. Julai 2017 Kroatia ilipandisha ada ya ukaguzi wa matunda na mboga kutoka nchi za nje ya Umoja, kutoka 90 hadi 2,000 za *kuna*, sarafu ya Kroatia wakati huo. Ilikuwa msimu wa matunda. Serbia, Bosnia, Montenegro na Masedonia walipinga kwa pamoja, wakatishia kulipiza, na Kroatia ikairudisha chini. Hakuna mkataba uliovunjwa kwa maandishi, kwa sababu ada haiitwi ushuru. Sisi mawakala tunazijua hizi. Ukitaka kujua kama nchi inataka biashara na jirani yake, usisome mkataba. Soma orodha ya ada za mpakani na saa za kazi za maabara.

Basi langu lilifika saa kumi na moja na nusu. Lori lake lilikuwa limefika kwenye mti wa kona, karibu na daraja. Tulibadilishana namba.

Siku ya nne, Alhamisi. Banja Luka hadi Sarajevo

Asubuhi Banja Luka nilikwenda kuangalia jengo la Mamlaka ya Kodi Zisizo za Moja kwa Moja. Najua si kivutio cha watalii. Lakini Bosnia baada ya vita iligawanywa sehemu mbili, Shirikisho na Jamhuri ya Srpska, na baadaye wilaya ya Brčko, na kila sehemu ilikuwa na forodha yake na kodi yake ya mauzo. Nchi moja, forodha zaidi ya moja: magendo yalipita katikati kama maji kwenye tenga. Ndipo likaja wazo la kuziunganisha. Mamlaka moja, makao makuu hapa Banja Luka, na tangu tarehe 1 Januari 2006 VAT moja ya asilimia 17 nchi nzima. Fedha zote huingia akaunti moja kwanza, kisha hugawanywa. Ugomvi wa mgawo hauishi. Ila fedha zinakusanywa, na watu waliopigana wanakaa meza moja kwa sababu mishahara ya walimu na wauguzi inatoka humo. Nilisimama ng'ambo ya barabara nikaliangalia jengo hilo la kawaida kwa heshima.

Kituoni nikanunua laini ya simu. Mbele yangu kijana alikuwa ananunua sigara, akaniachia nisome pakiti. Onyo la afya limeandikwa mara tatu, kwa Kibosnia, Kikroatia na Kiserbia. *Pušenje ubija. Pušenje ubija.* La tatu ni maneno hayo hayo kwa herufi za Kisirili. Sigara inaua, inaua, inaua. Mimi mtu wa Kiswahili, ninayetoka Mombasa hadi Bujumbura kwa lugha moja, nilitamani kumweleza kijana yule ni utajiri wa namna gani walioukalia.

Njia ya Sarajevo ni milima na mvua. Nililala.

Siku ya tano, Ijumaa. Sarajevo

Mama mwenye nyumba niliyofikia ana miaka zaidi ya sabini, ananiita *sine*, mwanangu. Baada ya kahawa akatoa kabatini kitabu cha benki cha zamani. Mumewe alifanya kazi ujenzi Ujerumani, akawa anaweka marka za Kijerumani katika tawi la Sarajevo la benki ya Ljubljana. Nchi ilipovunjika, benki ikasema deni la tawi si lake tena. Tawi likasema fedha ziko makao makuu. Maelfu ya wenye akiba walibaki hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini, hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilipoamua Julai 2014 kwamba Slovenia iwalipe wenye akiba wa benki hiyo, na Serbia iwalipe wa benki yake iliyokuwa na tawi Bosnia. Mama alilipwa. Mumewe alikuwa ameshafariki. Kitabu amekihifadhi, na ukurasa wa mwisho una salio la 1991 lililoandikwa kwa mkono na karani mwenye mwandiko mzuri sana.

Nilitaka kumuuliza kama angeweka tena fedha zake benki ya nchi jirani. Sikumuuliza.

Siku ya sita, Jumamosi. Soko la Arizona, karibu na Brčko

Mwaka 1996, miezi michache baada ya vita, askari wa kulinda amani waliweka kizuizi kwenye barabara kusini ya Brčko, mahali ambapo maeneo ya Wabosnia Waislamu, Waserbia na Wakroatia yalikuwa yanakutana. Wanajeshi wa Marekani waliiita njia hiyo Arizona. Kwa sababu palikuwa na ulinzi, watu walianza kusimama pembeni kuuziana: kahawa, sigara, ng'ombe. Jana yake walikuwa wanapigana. Leo huyu ana kahawa na hana unga, yule ana unga. Wakubwa wa kijeshi wakaona wakaliacha soko likue, hata wakalisaidia.

Lazima niseme na upande wake mbaya, kwa sababu wapo wanaolisifu soko hili kana kwamba lilikuwa paradiso. Kulipitia magendo mengi, magari ya wizi, na wasichana waliouzwa kama mzigo kwenye madanguro ya pembeni. Soko lisilo na sheria huvuta kila kitu. Wilaya ya Brčko ilipoundwa rasmi Machi 2000, ndipo leseni, kodi na ujenzi wa kudumu vilipofuata.

Leo ni vichochoro vya vibanda na maghala, nguo na viatu vya Uchina, sufuria, mapazia, miche ya maua. Nilikula nyama ya kuchoma kwa marka chache. Marka ya Bosnia imefungwa kwenye yuro kwa 1.95583, thamani ile ile ya marka ya Ujerumani iliyokufa. Kila mara nikilipa nakumbuka kwamba sarafu ya Ujerumani bado inaishi huku. Muuza mapazia, mwanamke kutoka Bijeljina, aliniambia wateja wake wanatoka pande zote na hata Kroatia. Nikamuuliza wanaongea nini. "Bei," akasema, akarudi kupima kitambaa.

Siku ya saba, Jumapili. Belgrade

Mpaka wa Bosnia na Serbia kwa basi: dakika ishirini na tano, mhuri mmoja kila upande. Hakuna aliyefungua begi.

Kwenye ngome ya Kalemegdan wachuuzi huuza noti za zamani. Nilinunua moja ya dinari bilioni 500, ya mwaka 1993, yenye picha ya mshairi Jovan Jovanović Zmaj. Januari 1994 pekee bei zilipanda kwa asilimia milioni 313. Hiyo ndiyo sarafu iliyobaki mikononi mwa waliobaki na jina la Yugoslavia, baada ya Slovenia na Kroatia kuchapisha fedha zao.

Jioni nilikaa na mwalimu wa uchumi niliyefahamiana naye kupitia rafiki. Nilimuuliza kuhusu Balkani Wazi, mpango ulioanzia Novi Sad Oktoba 2019 kati ya Serbia, Masedonia Kaskazini na Albania, ukapewa jina hilo Skopje Julai 2021. Aliusifu kwa vitu viwili: malori kupewa njia yao mpakani, na wafanyakazi kupata ruhusa ya kufanya kazi nchi jirani bila mlolongo wa vibali. Lakini Bosnia, Montenegro na Kosovo hazikuingia. Wanaogopa Serbia itakuwa kaka mkubwa tena. Ipo njia nyingine, Soko la Pamoja la Kikanda lililokubaliwa na nchi zote sita za Balkani Magharibi huko Sofia Novemba 2020, na tangu Novemba 2023 kuna mpango wa Umoja wa Ulaya wa yuro bilioni 6, mikopo na ruzuku, kwa wanaofanya mageuzi.

Nikataja Kosovo, ambayo Serbia haiitambui. Alinyamaza kidogo, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. Novemba 2018 Kosovo ilitoza bidhaa za Serbia na Bosnia ushuru wa asilimia 100, ukakaa zaidi ya mwaka. Juni 2023 ikapiga marufuku bidhaa za Serbia. Kosovo na Serbia zote zimo ndani ya CEFTA. Alisema anaelewa hasira ya kila upande, ila wanafunzi wake wanamuuliza mkataba ni nini, naye hana jibu la kuwapa. Nilimwona ameumia kweli.

Siku ya nane, Jumatatu. Kragujevac

Kragujevac ndipo Zastava ilipotengeneza Yugo, gari dogo la kona-kona. Lilianza mwaka 1980, likauzwa Marekani kuanzia 1985 kwa dola 3,990, na la mwisho lilitoka kiwandani Novemba 2008. Yalitengenezwa karibu laki nane.

Sikuweza kuingia kiwandani, ambacho tangu 2008 Fiat waliingia ubia na serikali. Nilipata kitu kizuri zaidi. Kwenye mtaa wa nyuma, mzee alikuwa anaosha Yugo jekundu. Nikaomba kuliona, akafungua boneti kwa fahari ya mtu anayefungua mlango wa sebule. Akanionyesha kwa kidole, kimoja kimoja. Staata: Iskra, Slovenia. Taa za mbele: Saturnus, Ljubljana. Klachi: Ruen, Kočani, Masedonia. Betri ya kwanza, alisema, ilikuwa Munja ya Zagreb, na matairi Sava ya Kranj. Injini yenyewe hapa hapa. Aliweka kiganja juu ya kifuniko cha injini kama anavyomgusa mtu bega.

Alifanya kazi kwenye laini ya kuunganishia. Mwaka 1991, aliniambia, hakuna mkutano uliotangaza kwamba kiwanda kinasimama. Siku moja kontena la taa halikuja. Wiki iliyofuata halikuja la staata. Magari yalipangwa uani yakiwa kamili ila bila taa, mamia, yamekodoa matundu mawili mbele. Mei 1992 Umoja wa Mataifa ukaweka vikwazo na soko la Marekani likafungwa.

Niliuliza kama vipuri vinapatikana leo. Akasema ndiyo, mtoto wa dada yake huko Ljubljana humnunulia mtandaoni, vinakuja kwa posta. Forodha ya Serbia inamtoza. Klachi ya Kočani humfikia kirahisi zaidi.

Siku ya tisa, Jumanne. Skopje

Nilibadilisha basi Niš, tukateremka kusini hadi Preševo na Tabanovce. Hapa ndipo nilipoona kile ninachokipigania nyumbani. Tangu mwaka 2019 maofisa wa Serbia na wa Masedonia Kaskazini hukagua malori pamoja, mahali pamoja, kama vituo vyetu vya pamoja mipakani, Namanga na kwingineko. Taarifa za mzigo hutangulia kwa mfumo wa kompyuta wa nchi za CEFTA, uliotumika sana wakati wa korona kupitisha chakula na dawa kwenye njia za kijani. Kupitia dirisha la basi nilimwona dereva akishuka na folda, akaingia kwenye kibanda, akatoka. Nilikuwa nimeshika saa. Dakika nne. Nilipiga goti la abiria wa pembeni kwa furaha, nikamwomba radhi.

Pamoja na hayo, foleni ilikuwepo, malori kumi na sita. Upande wa Serbia kulikuwa na lori la matunda likisubiri jibu la mkaguzi. Dereva alikuwa amefungua milango ya nyuma kidogo ili hewa iingie, na harufu ya cheri ilitufikia hadi ndani ya basi.

Skopje nilitembelea stesheni ya zamani ya reli, ambayo sasa ni jumba la makumbusho. Saa yake ya ukutani imesimama 5:17, dakika liliyopiga tetemeko la tarehe 26 Julai 1963 na kuua watu zaidi ya elfu moja. Jamhuri zote zilituma wajenzi, na mitaa mizima ya mji huu ilisimamishwa na mikono yao.

Nilikuwa bado nimesimama chini ya saa hiyo simu ilipolia. Nina laini ile ile ya Banja Luka. Tangu tarehe 1 Julai 2021 nchi sita za Balkani Magharibi zimefuta gharama za kutumia laini ugenini kati yao, kwa hiyo ujumbe ulinifikia kama niko mtaa wa pili. Alikuwa dereva wa Gradiška. Amerudi kutoka Ujerumani, amevuka mchana huu, yuko nyumbani kwake. Chini yake kuna picha ya daftari lililofunguliwa juu ya meza, kibuyu cha kahawa pembeni, na namba moja imezungushiwa duara kwa kalamu ya bluu: 78.